Filta ya Oili ya 4x4: Jinsi ya Kupata Saizi Sahihi kwa Land Cruiser, Prado, Hilux na Ndugu Zake

Ukifika Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ukasema "naomba filta ya oili ya Prado", muuzaji anayeijua kazi yake hagusi shelfu. Anakuuliza kwanza: "Prado ipi, kaka? Injini gani?" Mwingine, mwenye haraka ya kuuza, atakuletea kopo lolote linalofanana na lile ulilolishika mkononi, na likiingia kwenye uzi biashara imekwisha. Filta kuingia ni jambo moja, kufaa ni jambo jingine kabisa, na gari linaloshinda porini ndilo linalolipia tofauti hiyo kwa gharama kubwa zaidi.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la 4x4 anayetaka kuchagua filta kwa uhakika, awe anaifunga mwenyewe au anampelekea fundi. Mifano mingi nimeitoa kwenye Toyota kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani kwetu, lakini utaratibu ni uleule kwa Nissan, Mitsubishi, Isuzu, Suzuki au Land Rover.

Saizi si ukubwa wa kopo

Watu wakisema saizi ya filta, wengi wanafikiria urefu na unene wa kopo. Hicho ni kipimo kimojawapo tu, tena ndicho kinachoruhusu kuchezewa kidogo. Kuna uzi unaoishika filta kwenye injini. Kuna mpira unaoziba oili isivuje. Kuna urefu na upana wa kopo lenyewe. Kuna valvu ya baipasi, inayopitisha oili pembeni karatasi ikiziba. Na kuna kile kiraka cha mpira kilicho ndani, kinachozuia oili isirudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, gari likizimwa. Vitatu vya kwanza unavipima kwa mkono na macho. Viwili vya mwisho huvioni vizuri, na ndivyo vinavyofanya filta mbili zinazofanana kama mapacha zitende kazi tofauti.

Na jambo moja nalisisitiza kabla hatujaenda mbali: filta uliyoivua kwenye gari si ushahidi. Gari lililokuja limetumika, likapita kwa wamiliki kadhaa na mafundi wasiojulikana idadi, linaweza kuwa linatembea na filta isiyo yake kwa miaka. Ukiibeba ile ya zamani kama sampuli, unaweza kuwa unalinunua upya kosa la mtu mwingine. Sampuli ina kazi yake, lakini mwishoni, wakati wa kulinganisha. Mwanzo ni injini.

Hatua ya kwanza: ijue injini, si jina la gari

Fungua boneti utafute kibati cha modeli. Kwenye Toyota mara nyingi kimepigwa ribiti ukutani, upande wa nyuma wa chumba cha injini. Utakuta herufi na namba za modeli, na herufi za mwanzo ndizo zinazokutajia familia ya injini.

Chukua pikapu ya Land Cruiser ya mfululizo wa 79, ile inayopendwa na mashirika, hospitali za vijijini na makampuni ya safari. HZJ79 ina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita kwa mstari, bila tabo (turbo). VDJ79 ina 1VD-FTV, dizeli ya V8 ya lita 4.5. GRJ79 ni petroli, V6 ya lita 4.0, 1GR-FE. Hizi mpya za GDJ79 zina dizeli ya lita 2.8, 1GD-FTV. Bodi ni ileile, rangi nyeupe ileile, na ukizipanga kambini mgeni hawezi kuzitofautisha. Lakini 1HZ inafungwa filta ya kopo la chuma, wakati V8 ya 1VD inatumia filta ya karatasi inayoingia ndani ya nyumba yake yenye mfuniko. Madereva wawili wenye magari "sawasawa" hawawezi hata kuazimana.

Prado hali ni hiyohiyo. KZJ95 ni dizeli ya 1KZ-TE, VZJ95 ni petroli ya V6, 5VZ-FE ya lita 3.4, na RZJ95 ni petroli ya silinda nne, 3RZ-FE ya lita 2.7. Kwenye Prado 120 unakuta KDJ120, GRJ120 na TRJ120, injini tatu nyingine. Kwa hiyo "filta ya Prado" haipo. Ipo filta ya 1KD-FTV, ipo ya 1GR-FE, ipo ya 2TR-FE.

Tahadhari mbili hapa. Kwanza, magari mengi huku kwetu yaliuzwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe kabla ya kuletwa. Namba yake ya chesisi ni fupi, inaanza na modeli kisha kistari kisha tarakimu, si ile ndefu ya herufi na tarakimu 17. Ukitafuta kwenye katalogi ya Ulaya au Marekani unaweza kupewa filta ya toleo jingine la gari hilo. Tafuta katalogi ya Japani, au mpe wakala namba yote ya chesisi. Pili, injini hubadilishwa. Kama gari liliwahi kuwekewa injini nyingine, kibati kinakudanganya; soma namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe na uifuate hiyo.

Hatua ya pili: pata namba ya filta, halafu ihakiki

Ukishaijua injini, tafuta namba ya filta ya kiwandani kwa wakala au kwenye katalogi ya vipuri. Iandike. Kisha itafute namba hiyo kwenye katalogi za watengenezaji wa filta, kama Mann, Sakura au Donaldson. Hizi ndizo zenye utajiri, kwa sababu zinataja uzi, kipenyo cha nje na cha ndani cha mpira, urefu wa kopo na mara nyingi presha ya baipasi. Hakiki kwenye katalogi mbili za kampuni tofauti. Zikikubaliana uko salama. Zikipingana kwenye uzi au presha, usinunue mpaka ujue kwa nini.

Kwenye Toyota kuna jambo dogo linaloepusha fedheha dukani. Tarakimu tano za mwanzo zinakuambia aina ya kitu. 90915 na 15601 ni filta za oili za kopo. 04152 ni filta ya oili ya karatasi. 23303 na 23390 ni filta za dizeli, na 17801 ni ya hewa. Nalitaja kwa sababu filta ya dizeli ya kopo na filta ya oili zinafanana sana zikiwa kwenye shelfu lenye mwanga hafifu, na zote huwa na mashimo madogo pembeni na tundu la uzi katikati.

Hatua ya tatu: uzi

Hapa nataka tukae kidogo, maana kosa la uzi ndilo linaloweza kumaliza injini ndani ya dakika chache.

Filta ya kopo inajifunga kwenye stadi ya chuma inayotokeza kwenye injini. Magari mengi ya Toyota ya petroli yana stadi ya robo tatu ya inchi, nyuzi 16 kwa kila inchi. Katalogi huandika 3/4-16 UNF. Honda, Mitsubishi na nyingine nyingi za Kijapani zinatumia M20x1.5, yaani kipenyo cha milimita 20 na nafasi ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi. Dizeli nyingi, hasa zenye filta kubwa, zina stadi nene zaidi kama M26x1.5.

Sasa piga hesabu. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Nyuzi 16 kwa inchi zinatoa nafasi ya karibu milimita 1.59. Ukilinganisha na M20x1.5, tofauti ya kipenyo haifiki milimita moja, na tofauti ya nafasi ya uzi haionekani kwa macho. Ndiyo maana filta ya M20 inaingia kwenye stadi ya 3/4. Inaingia kwa ulaini, tena kwa ulaini kupita kiasi, na ukikaza mpira unagusa, kila kitu kinaonekana kimekaa. Lakini meno hayakushikana. Yamegusana kwenye ncha tu. Siku ya kwanza ya asubuhi ya baridi pale Njombe, oili ikiwa nzito na presha imepanda unapowasha, filta inaweza kuruka. Pampu itamwaga oili yote chini kabla hujaielewa ile taa nyekundu kwenye deshibodi.

Kinyume chake, filta ya 3/4 kwenye stadi ya M20 itakataa baada ya mizunguko michache. Mwenye nguvu atalazimisha kwa spana na kula uzi wa stadi. Hapo umepata kazi nyingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kupaka oili wala kufikiria kukaza, shika filta mpya kwa vidole na izungushe kwenye stadi kavu iliyofutwa. Inatakiwa kwenda laini na kwa utulivu mpaka mpira uguse, bila kukwama. Simama katikati, mizunguko miwili au mitatu baada ya kuanza, uitikise kulia na kushoto. Kidogo sana itacheza, ni kawaida. Ikipwaya, ukasikia mlio wa chuma kugonga chuma, itoe na uirudishe dukani. Nimewahi kuona fundi akisema "ikikazwa itatulia". Uzi usioshikana hautulizwi na kukaza.

Mwenye kipimo cha uzi, kile cha visahani vyenye meno, ana jibu ndani ya sekunde. Bei yake si kubwa na hakichakai.

Hatua ya nne: mpira na mahali unapokalia

Mpira wa filta lazima ukae wote juu ya uso uliosawazishwa wa injini, na tundu linaloleta oili libaki ndani ya duara la mpira. Mpira ukiwa mdogo sana unaweza kukaa juu ya tundu au ukingoni mwake. Ukiwa mkubwa sana, sehemu yake inaning'inia nje ya uso, inakatika taratibu, inaanza kuvuja.

Ukishaivua ile ya zamani, futa uso wa injini uutazame kwa tochi. Utaona alama ya duara pale mpira uliokuwepo ulipokalia. Ipime kipenyo cha nje na cha ndani kwa venia, kile kipimo cha mataya chenye milimita, halafu pima mpira wa filta mpya. Tofauti ya milimita moja au mbili si neno alimradi duara lote liko juu ya chuma safi. Zaidi ya hapo rudi kwenye katalogi.

Hatua ya tano: urefu, upana na nafasi iliyopo

Hapa ndipo swali la wapenzi wa safari linapokuja: je, nifunge filta kubwa kuliko ya kiwandani?

Mfano unaojulikana sana ni wa injini ya 5VZ-FE, ile V6 ya lita 3.4 iliyomo kwenye VZJ95 na kwenye Tacoma na 4Runner za Marekani. Wamiliki wengi huko waliacha 90915-YZZD1 wakaanza kufunga 90915-YZZD3, ambayo ni ndefu zaidi na ndiyo iliyokuwa ikifungwa kwenye V8 ya 2UZ-FE ya Land Cruiser 100. Uzi ni uleule, mpira unakaa palepale, na nafasi iliyopo inaruhusu. Hapo kubadili kuna mantiki.

Lakini ujue unapata nini. Tuseme kopo lina kipenyo cha milimita 80 na wewe umeongeza urefu kwa milimita 20. Ujazo ulioongeza ni mililita 100 hivi. Kwenye injini inayobeba lita sita za oili, hiyo haifiki asilimia mbili. Atakayekuambia filta ndefu "inaongeza oili kwenye injini" anasema kweli ndogo isiyo na maana. Faida halisi ni karatasi. Kopo la milimita 80 kwenda juu likifanywa la milimita 100, mikunjo ikibaki idadi ileile, eneo la kuchuja linaongezeka kama robo. Karatasi inachelewa kujaa, na baipasi inachelewa kufunguka. Hicho ndicho unachokinunua, basi. Oili yenyewe inachakaa kwa kasi ileile, kwa hiyo filta kubwa isikushawishi kuchelewesha sevisi.

Gharama yake ni nafasi. Gari la mjini linaweza kubeba kopo lililotokeza kidogo. Gari la kupanda mawe haliwezi. Lala chini ya gari utazame filta inaelekea wapi. Angalia ina umbali gani na bamba la kukinga sampu, shafti ya stelingi, propela ya mbele, bomba la ekzosi na fremu. Kumbuka injini inakaa juu ya mipira na inacheza: ukikanyaga mafuta kwenye gia nzito inajipinda upande mmoja, na gari likiruka kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi inapanda na kushuka. Mimi sikubali nafasi iliyo chini ya upana wa kidole gumba kuzunguka kopo lote, na upande wa ekzosi nataka zaidi. Kisha fikiria mstari kutoka sehemu ya chini kabisa ya bamba hadi kwenye fremu: filta isitokeze chini ya mstari huo hata kidogo. Jiwe la korongo litaitafuta.

Na uhakikishe mkono wako au spana ya filta inafika. Filta unayoweza kuifunga lakini huwezi kuivua bila kutoboa kopo kwa bisibisi haijakufaa.

Kwenda kinyume, yaani kufunga ndogo kuliko ya kiwandani kwa sababu ndiyo iliyopatikana, sikushauri isipokuwa umekwama mbali na unataka kufika mjini tu. Ukifika ibadilishe.

Hatua ya sita: valvu mbili usizoziona vizuri

Baipasi ni kijilango chenye springi. Oili ikishindwa kupita kwenye karatasi, iwe kwa sababu ni nzito asubuhi au kwa sababu karatasi imejaa uchafu, tofauti ya presha inakifungua kijilango na oili inaenda kwenye injini bila kuchujwa. Oili chafu ni bora kuliko kukosa oili, ndiyo sababu ipo. Kwenye magari mengi madogo hufunguka karibu na bar 1, lakini si yote, na watengenezaji wengine wanataka presha ya juu zaidi.

Ukifunga filta ambayo baipasi yake inafunguka mapema kuliko injini inavyotaka, muda mrefu utakuwa unatembea na oili isiyochujwa na hakuna taa itakayokuambia. Ukifunga inayochelewa mno, karatasi inaweza kuraruka au kukunjamana. Kuna pia injini zenye baipasi yake kwenye bloku au kwenye kichwa cha filta, na filta zake hazina valvu hiyo kabisa. Kopo la namna hiyo likifungwa kwenye injini isiyo na baipasi ya kwake, siku karatasi ikiziba oili haina njia. Kwa nje kopo hilo linafanana na jingine lolote. Ndiyo maana nasema namba na katalogi kwanza, macho baadaye.

Ile valvu ya pili ni kiraka cha mpira unachoweza kukiona ukichungulia kwenye mashimo madogo ya pembeni. Kazi yake ni kuhakikisha filta inabaki imejaa gari likizimwa. Kwenye injini ambayo filta imelala au imegeuzwa, mdomo ukiangalia chini, kiraka hiki ni cha lazima. Kikichoka utasikia injini ikigonga sekunde chache kila asubuhi kabla presha haijafika. Filta inayoning'inia, mdomo ukiwa juu, haikitegemei sana. Kuna viraka vya mpira mweusi wa kawaida na vya silikoni, ambavyo mara nyingi ni vya rangi ya chungwa au nyekundu na vinavumilia joto zaidi. Kwa gari linalovuta trela au kupanda milima kwa gia ya chini, chagua silikoni ikipatikana kwa namba ileile.

Gari lako likiwa na filta ya karatasi

Hapa hakuna kopo wala uzi wa filta, lakini saizi bado ni suala. Vipimo vyake ni urefu wa karatasi, tundu la katikati, na umbo la ncha zake mbili. Ikiwa fupi kwa milimita chache, mfuniko utafunga vizuri kabisa huku oili ikipita juu ya karatasi bila kuchujwa. Ikiwa ndefu, itapondeka. Ziweke filta mpya na ya zamani pamoja mezani, ncha kwa ncha, baada ya kuhakikisha namba.

Nyumba nyingine zina bomba la katikati linaloishikilia karatasi isikunjamane. Hubaki limenasa kwenye filta ya zamani, na likitupwa nayo karatasi mpya inakosa uti wa mgongo. Likague kabla ya kutupa chochote. Oringi ya mfuniko, yaani ule mpira wa duara unaoziba, ibadilishwe kila mara, na ikae kwenye mfereji wake sahihi. Mifuniko mingi ya Toyota ya aina hii imeandikwa 25 N·m juu yake. Ufuate kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hasa ule wa plastiki.

Wenye Land Rover yenye injini ya Td5 wana jambo lao la peke yake: filta mbili. Kuna ya kawaida, na kuna ya kuzunguka, inayoendeshwa na presha ya oili yenyewe na kutupa uchafu ukutani kwa nguvu ya mzunguko. Fundi asiyeijua Td5 hubadili ya kwanza na kuisahau ya pili. Nunua zote mbili na umwonyeshe.

Kopo likiwa mkononi

Namba imekubali, sasa kagua kitu chenyewe, maana feki ni nyingi na zinachapishwa vizuri. Sifuati sana maboksi. Maboksi ndiyo wanayoyaigiza kwanza. Chungulia ndani. Uzi uwe safi, usio na vipande vya chuma vilivyobaki. Kiraka cha mpira kiwe laini, kikibonyezwa kwa njiti kinarudi chenyewe. Mpira wa nje ukae sawasawa kwenye mfereji wake, usiwe na mshono unaojitokeza. Litikise kopo sikioni: kitu kisigonge. Kama dukani kuna mbili za namba ileile, zipime uzito mkono huu na huu. Nunua kwa mtu atakayekupa risiti na ambaye utamkuta palepale mwezi ujao.

Kufunga

Pasha injini kidogo, si mpaka iunguze. Kama unanyanyua gari, weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mwaga oili, kisha vua filta.

Kabla ya lolote, hakikisha mpira wa zamani umetoka pamoja na kopo. Mara nyingine hubaki umegandia kwenye injini, mweusi kwenye uso mweusi, na ukiweka mpya juu yake mipira miwili itashika dakika tano halafu itapasuka kwa pamoja. Pitisha kidole kuzunguka duara lote.

Paka mpira mpya oili safi. Filta inayofungwa mdomo juu unaweza kuijaza oili kwanza. Izungushe kwa mkono mpaka mpira uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, au kiasi kilichoandikwa kwenye kopo lenyewe. Spana ya filta ni ya kuvulia. Badili washa ya nati ya kumwagia oili.

Jaza, washa, tazama taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Acha iungurume dakika moja au mbili huku ukimulika filta na tochi, zima, subiri dakika tano, pima kwa dipstiki. Kama umefunga kopo kubwa, ongeza kilichopungua. Itazame tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya.

Ya zamani usiitupe hivihivi

Iache ichuruzike usiku mzima kwenye ndoo. Kisha ikate. Kifaa maalumu cha kukatia filta ni bora kuliko msumeno, kwa sababu msumeno unamwaga unga wa chuma humohumo unamotaka kuchunguza. Toa karatasi, kata kipande, kikamue ndani ya kitambaa, ukikunjue juani.

Vumbi jeusi laini ni masizi. Dizeli zote hutoa. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba kwenye mikunjo ni beringi zinaanza kulika. Pitisha sumaku: kinachonata ni chuma cha silinda, ringi au kamshafti. Chembe mbili tatu kwenye injini ya zamani si msiba. Mikunjo yote ikimetameta, acha safari umwone fundi. Ukikuta mchanga mchanga mgumu ukisugua kati ya vidole, usilaumu filta ya oili. Vumbi hilo limepitia njia ya hewa, kwa hiyo kagua filta ya hewa, mabomba yake ya mpira na klipu zake zote. Angalia pia karatasi yenyewe: mikunjo iliyobanana upande mmoja, gundi iliyoachia au karatasi iliyokunjamana ndani inakuambia kuwa kopo lile halikuwa la injini hii au lilikuwa feki.

Kwa gari linalotembea vumbini, kuvuka maji au kutambaa hifadhini siku nzima kwa gia ya chini, kilomita zinadanganya, kwa sababu injini inafanya kazi saa nyingi huku odometa ikisogea kidogo. Mimi hubadili oili na filta kila kilomita 5,000, na mapema zaidi baada ya kuvuka mto wenye kina au oili ikionekana na weupe kama maziwa. Oili iliyomwagwa ipeleke kwa wanaoikusanya, usiimwage mtaroni.

Mwishowe chukua kalamu isiyofutika, uandike upande wa ndani wa boneti: injini, namba ya filta, uzi, kipenyo cha mpira, tarehe na kilomita. Fundi atakayelifungua gari hilo Sumbawanga au Marsabit usipokuwepo atakuta kila anachohitaji kuagiza.